Kidato cha Tano Ndipo Meza Inapopinduka: Kupanga Ukuaji wa Mhusika katika Michezo ya Uhusika ya Mezani

Safari ya kwanza niliyoiendesha ilikufa kwa sababu ya pete. Kwa asiyeujua mchezo: kila mmoja hushika mhusika wa kubuni, mmoja husimulia dunia na kuendesha mazimwi, na dado ndilo linaloamua nani amefaulu. Tulikuwa wanne, barazani Mji Mkongwe, kila usiku baada ya tarawehe, na mhusika wa binamu yangu akaokota pete ndani ya kisima cha Pujini. Nami kwa furaha ya kuona watu wamenogewa nikaipa pete ile +3, namba ya kuongeza juu ya dado, kwa kila pigo. Mhusika wake alikuwa kidato cha tatu tu, yaani ngazi ya tatu ya ukuaji kati ya ishirini. Kuanzia usiku ule akawa hakosi. Nikapandisha kinga za mazimwi, yaani namba ambayo lazima uifikie ndipo pigo lipate, ili na yeye apate wa kumshughulisha, na wenzake wawili wakawa hawagusi kitu, panga zao zinakata upepo. Kumi la pili la Ramadhani halijesha, mmoja akaniambia: "Yakhe, mie naenda kwenye keramu."

Kosa halikuwa pete. Kosa ni kwamba sikujua +3 ina uzito gani. Katika Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014 tulilokuwa tukilitumia, bonasi ya ustadi, nyongeza ya kazi ambayo mhusika ameifanyia mazoezi, huanza na +2 kidato cha kwanza, na haifiki +5 mpaka kidato cha kumi na tatu. Yaani ile +3 niliyoitoa usiku mmoja, kitabu huitoa kwa vidato kumi na viwili.

Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kuwa nahodha (sisi ndivyo tunavyomwita mwendesha mchezo), awe anatumia kitabu cha watu au anatunga kanuni zake kwenye daftari la skuli. Mifano mingi nimeichukua kwenye toleo hilo la tano, kwa kuwa tangu Januari 2023 kanuni zake za msingi zinapatikana bure kwa leseni ya Creative Commons, na kila mwenye simu anaweza kuzishusha. Neno "kidato" ni letu. Wengine husema levo, wengine ngazi. Lakini mkwezi hukata vidato kwenye mnazi, anakanyaga kimoja ndipo akate kinachofuata, na hivyo khasa ndivyo mhusika anavyopanda.

Hatua ya kwanza: tafuta kitu ambacho hakikui

Kabla hujaandika mhusika anapata nini kila kidato, weka mlango mmoja. Mimi natumia mlango wa kizamani wa Mji Mkongwe, ule wa mbao nene wenye vichwa vya shaba, umefungwa kwa ndani. Mchezaji anataka kuusukuma kwa bega. Atarusha dado la pande 20, ataongeza nyongeza yake, na akifikia shabaha, mlango umefunguka. Katika toleo la tano, shabaha 10 ni kazi rahisi, 15 ni ya wastani, 20 ngumu, na 30 karibu haiwezekani. Mlango wangu ni 15, na utabaki 15 mpaka safari iishe.

Sasa mchukue askari mwenye nguvu 16. Sifa ya 10 haikupi kitu. Kila pointi mbili juu yake ni +1, kwa hiyo nguvu 16 ni +3. Ameufanyia mazoezi ustadi wa kutumia misuli, basi anaongeza +2. Jumla +5. Anahitaji dado lionyeshe 10 au zaidi: nafasi yake ni asilimia 55. Kidato cha nne ameruhusiwa kuongeza sifa, nguvu imefika 18. Kidato cha tano ustadi umekuwa +3. Jumla +7, asilimia 65. Kidato cha tisa nguvu ni 20, ambayo ndiyo dari, na ustadi +4: asilimia 75. Kidato cha kumi na saba, asilimia 85.

Mwenzake ambaye hakujifunza, na nguvu zake ni 10, alikuwa asilimia 30 siku ya kwanza na ni asilimia 30 siku ya mwisho.

Tazama hizo namba taratibu. Toka kinda mpaka shujaa wa kuimbiwa, mlango umelainika kwa asilimia 30 tu. Na bado mchezaji anahisi amekua, kwa sababu mlango ni uleule. Anaukumbuka ulivyomtia bega ganzi. Nahodha mchanga hufanya nililofanya mimi: mhusika akipata +2, naye anaupandisha mlango kwa 2. Bahari imejaa na ngalawa imepanda nayo, ukitazama kutoka ndani ya ngalawa hakuna kilichosogea. Ukitaka milango migumu zaidi, iweke kwingine, ngomeni, si nyumba ileile ya mtaa uleule.

Si michezo yote imepangwa hivi. Pathfinder toleo la pili, la mwaka 2019, humwongezea mhusika kidato chake chote juu ya ustadi: aliyejifunza kazi ana kidato chake na 2, bingwa wa mabingwa ana kidato chake na 8. Kwa hiyo wa kidato cha kumi aliyejifunza tu ana 12 kabla hata ya kuhesabu nguvu zake. Mlango wa 15 kwake ni pazia. Huko dunia imejengwa kama ghorofa, wa chini hamgusi wa juu. Kwenye toleo la tano la Dungeons & Dragons dunia ni uwanja: joka jekundu lililokomaa lina kinga 19, na askari wetu wa kidato cha kwanza, mwenye +5, analipiga kwa nafasi ya asilimia 35. Tatizo lake ni kwamba joka lina uhai 256, yaani pointi za kuumizwa kabla halijaanguka, na upanga wake ukipata hutoa wastani wa 7.5. Ahesabu mwenyewe mapigo 35 yanayopata, huku joka halijakohoa moto.

Chagua moja, ghorofa au uwanja, na usichanganye. Mimi napenda uwanja, maana wachezaji wetu hawaji kila usiku na vidato vyao havilingani.

Hatua ya pili: jua dado lako linavyolipa

Dado la pande 20 hulipa sawasawa: kila +1 ni asilimia 5, iwe ya kwanza au ya sita. Tatizo ni kulipata dado lenyewe. Kama hamnalo, chukueni karata. Toa picha zote na jokari, bakisha ree mpaka kumi. Kopa na uru zihesabu 1 hadi 10, shupaza na pao zihesabu 11 hadi 20. Una karata 40, kila namba imo mara mbili, na nafasi ni sawa kabisa na dado. Sharti moja: karata ikishatoka irudishwe na zichangwe upya. Tulipokuwa wavivu wa kuchanga, kijana mmoja wa Jang'ombe alikaa kimya akihesabu zilizokwisha toka, na akawa anajua lini aingie vitani na lini ajifiche.

Kama mnatumia madado mawili ya ludo, hesabu inageuka na ni lazima uijue. Shabaha 8 bila nyongeza ni asilimia 42. Ukiwa na +1 ni 58. Ukiwa na +2 ni 72, +3 ni 83, +4 ni 92, +5 ni 97. Nyongeza ya kwanza imekupa asilimia 16, ya tano imekupa 5. Kwa madado ya ludo, basi, ngazi yako yote toka chini hadi juu isimpe mhusika zaidi ya +4. Ukitoa zaidi, dado halina kazi tena, na watu hawarushi ila kwa ada.

Hatua ya tatu: uhai

Hapa pasikupotezee muda. Katika toleo la tano askari ana dado la uhai la pande 10, mwenye elimu ya ndumba pande 6. Kidato cha kwanza unapewa namba ya juu kabisa ya dado, baadaye unarusha au unachukua wastani, na kila mara unaongeza ustahimilivu. Wenye ustahimilivu +2 wakichukua wastani: askari ana 12 kidato cha kwanza, 44 cha tano, 84 cha kumi, mwenzake ana 8, kisha 32, kisha 62.

Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba zimwi dogo la mwanzo hutoa wastani wa 5.5 kwa pigo. Mwenye uhai 8 akipigwa mara mbili amelala. Kwa hiyo usiku wa kwanza na wa pili ndio hatari kuliko yote, kinyume na wengi wanavyodhani. Wapitishe upesi. Hata kitabu kinataka hivyo: pointi 300 tu za uzoefu zinakufikisha kidato cha pili, 900 cha tatu, kisha inakuwa 2,700, halafu 6,500, na cha ishirini ni 355,000.

Hatua ya nne: kidato cha tano, na ugomvi wa upanga na nyota

Nyongeza hupanda kama jua la asubuhi, hulioni likienda. Lakini kuna vitu vinavyoruka, na usipovitarajia vitakuaibisha mbele ya watu.

Askari kidato cha nne anapiga mara moja kwa zamu. Kidato cha tano anapiga mara mbili. Upanga wake mrefu, dado la pande 8 na nguvu +4, hutoa wastani wa 8.5, sasa ni 17. Usiku mmoja amekuwa watu wawili. Kidato cha kumi na moja anapiga mara tatu, na pigo la nne haliji mpaka kidato cha ishirini.

Mjanja, yule wa kunyemelea gizani, harukiruki. Pigo lake la kuvizia linaanza na dado moja la pande 6, na linaongezewa moja kila kidato cha witiri, mpaka kumi katika kidato cha kumi na tisa. Ukitaka kuona ukuaji wa mstari ulionyooka, ndio huo. Nahodha anayeanza ampende mjanja.

Wa tatu ndiye mwenye maneno. Kitabu humwita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni mchawi, na sisi tulilitumia wiki moja tu. Bibi alikuwa akipita na sinia la uji, akasikia mjukuu wake anasema kwa sauti "mimi mchawi wa kidato cha nne," akaliweka sinia chini na kutaka maelezo. Tangu hapo tunamwita mwanafalaki, na amani imerudi nyumbani.

Mwanafalaki kidato cha kwanza anaweza kusoma azima zake kubwa mara mbili, kisha mpaka apumzike. Amebakiwa na cheche ndogo ya moto, dado moja la pande 10, isiyokwisha. Kidato cha tano cheche inakuwa madado mawili. Na hapo hapo anapata tufe la moto: madado manane ya pande 6, wastani 28, kwa kila aliye ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha futi 20, kama mita sita hivi. Anayefaulu kukwepa huumia nusu. Pima baraza lako uone mita sita ni nini. Kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe tufe hilo linajaza njia ukuta kwa ukuta. Mazimwi matano yakiwa humo, na yote yakashindwa kukwepa, ni uhai 140 kwa zamu moja. Askari kwa zamu hiyo hiyo katoa 17, tena kama hakukosa.

Basi askari amedhulumiwa? Hapana, kama nahodha anajua kazi yake. Kidato cha tano mwanafalaki ana nafasi za kusomea azima tisa kwa siku: nne za daraja la kwanza, tatu za pili, mbili za tatu. Tufe la moto linakaa daraja la tatu. Mara mbili, basi, au tatu akipumzika kidogo mchana na kurudisha nafasi moja. Askari anapiga mara mbili kila zamu toka alfajiri mpaka ishaa, wala haulizi.

Kwa hiyo mizani haimo kwenye jedwali la vidato, imo kwenye urefu wa siku. Ukiwaruhusu walale baada ya kila pambano, mwanafalaki atacheza peke yake na wengine watakuwa mashahidi. Ukiwapa mapambano matano au sita kabla ya kulala, saa ya magharibi utamwona anahesabu nafasi zake kama mtu anayehesabu nauli ya kurudi, na askari ndiye anayetangulia mlangoni. Sisi tulifanya hivi Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, kwenye magofu ya Mkame Ndume, mtawala wa kale wa Pemba. Watu husimulia kwamba alijenga ukuta kugawa kisima ili wake zake wawili wasikutane. Nikaweka wachezaji upande mmoja wa ukuta na ngazi ya kutokea upande wa pili, na chini ya ardhi chumba chenye siwa, baragumu ya kifalme, iliyochongwa ukutani, ambacho kweli kipo. Hakuna pa kulala humo. Tufe la kwanza lilitumika kisimani, la pili kwenye ngazi, na kufika chumba cha siwa mwanafalaki alikuwa na cheche zake mbili na ulimi. Usiku ule binamu yangu, ambaye pete nilishamnyang'anya, alilinda mlango zamu saba. Mpaka leo anausimulia.

Mzizi wa tofauti hii ni wa kale. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu nchini Marekani, ulikuwa umezaliwa na michezo ya vita vya askari wa kuchezea. Mpiganaji wa kidato cha nne aliitwa shujaa, na shujaa alihesabika kama watu wanne. Wa kidato cha nane kama watu wanane. Kidato kilikuwa hesabu ya vichwa: wewe peke yako ni sawa na wangapi? Elimu ya ndumba haikuhesabika hivyo, kila kidato kilifungua azima mpya na kuzidisha za zamani. Upanga ulijumlishwa, ndumba ikazidishwa.

Ukitunga kanuni zako, amua vidato vya kuruka na uviandike kwa wino mwekundu. Wote waruke pamoja. Kama mpiganaji anapata pigo la pili kidato cha tano na mganga wenu anapata dawa yake kubwa kidato cha nane, kwa vidato vitatu mganga atajiona mbeba mizigo.

Hatua ya tano: ipanue dunia, usiinenepeshe namba

Kitabu hugawa vidato ishirini katika mafungu manne: 1 hadi 4, 5 hadi 10, 11 hadi 16, na 17 hadi 20. Mimi nimeyapa majina ya kwetu kwenye daftari:

Mtaa: mambo ya Malindi na Darajani, mzigo uliopotea, kisima kinachonung'unika.
Kisiwa: Unguja na Pemba nzima, wakubwa wanakujua kwa jina.
Bahari: toka Lamu mpaka Kilwa, majahazi na masultani.
Ng'ambo ya pazia: majini yenye falme zao, na mtakayoyataka wenyewe.

Mhusika akivuka fungu, kibadilike anachoulizwa. Wa mtaani anaulizwa kama ataweza kuuvunja mlango. Wa baharini anaulizwa mlango gani uvunjwe na upi uachwe, na nani atakasirika. Hapo ukuaji unaonekana bila kuongeza hata +1. (Popobawa hatumtii mezani, katika fungu lolote. Mmoja wetu analala peke yake.)

Na kama mna nyusiku chache tu, fikirini kuacha vidato kabisa. Call of Cthulhu, ya mwaka 1981, haina vidato. Kila ustadi ni asilimia. Ukifaulu kuutumia unauwekea alama, na mwisho wa kisa unarusha dado la 100: likizidi asilimia uliyonayo, umeongeza dado la pande 10. Mwenye 30 hukua haraka, mwenye 85 hukua kwa nadra. Yeyote aliyemtazama mwanafunzi na fundi wake wakichonga mlango mmoja ataona kanuni hiyo si ngeni.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kuwaita watu

Kaa peke yako na daftari. Andika askari, mjanja na mwanafalaki kidato cha kwanza, cha tano na cha kumi. Wapitishe wote kwenye mlango wa 15, kisha wapambane na zimwi lenye kinga 15. Rusha madado kweli, usikisie. Ukiona mmoja anamaliza pambano kabla wenzake hawajapata zamu, rudi hatua ya nne uurefushe mchana. Ukiona hakuna anayekosa kabisa, umetoa nyongeza nyingi. Ipunguze kwenye vitu vya kuokota kwanza, pete na panga, kabla hujagusa vidato.

Kinachobaki ni mgeni. Atakuja mtu usiku wa kumi na tano, ametoka Wete kwa boti ya asubuhi, anataka kucheza, na wenzake wako kidato cha tano. Usimwanzishe chini. Ana uhai 12, wenzake wana 44, na tufe la moto la rafiki likimkosea njia ni 28. Mpe kidato cha nne, ampishe kila mtu usiku mmoja, na usiku wa pili apande awafikie. Silaha yake iwe ya kawaida. Akiomba pete, mwambie zimekwisha.